Ndege Tuligawana, Walimu Je?

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, wahenga walituasa wakasema: usiache mbachao kwa msala upitao. Usemi huo ni wa mkeka na swala, lakini leo nataka tuupeleke mahali ambapo pengine wahenga hawakuutarajia. Nataka tuupeleke Kipawa, kwenye kiwanja cha ndege cha Dar es Salaam, tuuulize una neno gani kwa kijana anayetaka kuwa rubani wa ndege kubwa za abiria, na una neno gani kwa taifa linalomhitaji kijana huyo.

Kwa mkazi wa Kipawa ndege si kitu cha kushangaza. Analala nayo, anaamka nayo. Mtoto wa huko hana haja ya kuinua macho ili ajue kinachopita juu ya paa. Mvumo mwembamba ni wa ndege ndogo ya pangaboi inayokwenda Unguja, safari ya dakika ishirini hivi. Ngurumo inayotikisa mabati ni ya jeti. Tangu kiwanja kilipohamishiwa upande huo wa mji katika miaka ya 1950, vizazi vimekua chini ya milio hiyo. Jengo la pili la abiria lilifunguliwa mwaka 1984, la tatu mwaka 2019, na katika kupanua huko wapo wakazi wa Kipawa na Kigilagila walioacha nyumba zao wakaenda kuanza upya maisha mahali pengine. Kwa hiyo watu wa Kipawa wamekwisha kutoa. Wametoa ardhi, wametoa na usingizi. Ni haki yao kuuliza: mtoto wetu naye atakaa lini kwenye kiti cha mbele?

Swali hilo ni rahisi kuuliza na ni ghali kulijibu. Kumsomesha rubani mpaka apate leseni ya biashara ni gharama ya makumi ya maelfu ya dola. Wachache hudhaminiwa. Waliobaki hutegemea wazazi: kiwanja kinauzwa, ng'ombe wanauzwa, ukoo unaitwa kikao na kuchangishana. Kijana anakwenda Afrika Kusini, Ethiopia, Kenya, Uganda au Marekani, na siku moja anarudi na leseni mkononi. Nyumbani panapigwa vigelegele.

Baada ya vigelegele inakuja hesabu. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, leseni ya urubani wa biashara hupatikana kwa saa 200 za kuruka, au 150 kwa aliyesoma kozi kamili katika chuo kilichoidhinishwa. Lakini leseni ya juu kabisa, ile inayomwezesha mtu kuwa rubani mkuu wa ndege kubwa ya abiria, inataka saa 1,500. Kati ya 200 na 1,500 kuna bonde la saa 1,300, na ndani ya bonde hilo wamepotelea vijana wengi wenye leseni nzuri zisizo na kazi.

Njia za kulivuka bonde hilo zinazozungumzwa sana ni mbili. Ya kwanza ni ualimu. Kijana anasomea kufundisha, anapimwa, kisha anakaa kando ya mwanafunzi katika ndege ndogo ya injini moja. Kila saa anayofundisha huandikwa pia katika daftari lake mwenyewe. Ni kazi ya miaka, jua ni kali, na mshahara si wa kujivunia. Ya pili ni kozi ya jeti. Hapo kijana analipa tena, na analipa sana, ili aingie kwenye simuleta, yaani chumba kinachoigiza ndege kwa kila hali, ajifunze Boeing 737 au Airbus A320. Baada ya wiki kadhaa anahitimu, kisha anasubiri shirika limwite. Iko na njia ya tatu, ya kurusha ndege ndogo za abiria na watalii kwenda visiwani na mbugani, na wengi wa marubani wetu wamepitia huko. Lakini hata wenye ndege hizo ndogo hupenda kumwajiri mtu ambaye tayari ana saa za kutosha. Kwa hiyo tunarudi palepale: ualimu au jeti?

Tuwape haki yao wanaoitetea kozi ya jeti, maana hawasemi upuuzi. Ndege ya kufundishia kama Cessna 172 haifikishi kilomita 250 kwa saa. Jeti inapita 800. Rubani wa jeti anayetoka magharibi akiwa futi 36,000 juu, akitaka kutua Kipawa kwa utulivu, anahitaji kiasi cha kilomita 200 za kushuka. Maana yake inampasa aanze kushuka kabla hata hajaufikia mji wa Morogoro. Akichelewa kufikiri, atafika Dar es Salaam akiwa bado yu juu na mwendo wake ni mkali. Tena jeti ni nzito, haisimami wala haigeuki kwa amri ya ghafla, na ndani yake rubani hayuko peke yake. Wako wawili, na hapana budi wajue kugawana kazi, kusikilizana na kusahihishana. Hayo yote hayapatikani katika ndege ndogo, hata ukiizungusha juu ya uwanja mwaka mzima.

Historia inawaunga mkono pia. Kati ya Agosti 1965 na Februari 1966, ndege nne aina ya Boeing 727, ambayo wakati huo ilikuwa ngeni angani, zilianguka zikiwa zinashuka kwenda kutua: tatu Marekani, moja Japani. Katika ajali ya Salt Lake City, Novemba 1965, ndege ilikuwa inashuka kwa kasi iliyopita kiasi na nguvu ya injini ikachelewa kuongezwa. Marubani wa siku zile hawakuwa wanagenzi. Walikuwa watu wenye maelfu ya saa, lakini wengi wao walikomaa kwenye ndege za pangaboi, ambazo ukiongeza moto hukuitika papo hapo. Ndege ilikuwa imebadilika kuliko mazoea yao. Baada ya hapo mafunzo ya jeti yalikazwa, na ndege hiyohiyo ikaruka miongo mingi ikisifiwa. Kwa hiyo mtu asitudanganye kwamba saa za ndege ndogo zinatosha. Hazitoshi.

Hata hivyo, ndugu msikilizaji, sarafu ina upande wa pili. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya abiria ya kampuni ya Colgan Air ilianguka karibu na mji wa Buffalo, Marekani, watu 50 wakafa. Ilikuwa Q400, aina ileile ambayo Air Tanzania ilianza nayo kufufuka mwaka 2016. Haikuwa na kasoro kubwa ya mitambo. Mwendo ulipungua, mtambo ukamwonya rubani kwamba mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba ndege, naye badala ya kushusha pua akaivuta juu. Miezi minne haikupita, tarehe 1 Juni, jeti ya Air France iliyokuwa ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris ikatumbukia katika Bahari ya Atlantiki na watu 228. Vipimo vya mwendo vilizibwa na barafu, mtambo wa kujiendesha ukajitoa, na rubani aliyeshika usukani akafanya kosa la namna ileile: akaivuta pua juu, ndege ikaanguka kwa takriban dakika nne mpaka majini.

Kosa hilo lina dawa yake, na dawa hiyo haifundishwi kwenye jeti kwanza. Hufundishwa katika saa za mwanzo kabisa za kila mwanafunzi, ndani ya kindege kidogo, na mwalimu aliyekaa kando yake. Mwalimu huipunguza ndege mwendo kwa makusudi, huiacha itetemeke, huiacha izame, kisha humwambia mwanafunzi: shusha pua, pata mwendo, ndipo unyanyue. Mwanafunzi hulifanya somo hilo mara chache, akapita. Mwalimu hulirudia na mwanafunzi wa kwanza, wa pili, wa kumi, wa hamsini, mpaka mkono wake unajibu kabla kichwa hakijauliza.

Wamarekani, baada ya ajali ya Buffalo, waliweka sheria iliyoanza kutumika mwaka 2013: kwa kawaida hata rubani msaidizi wa ndege za abiria lazima awe na saa 1,500, ingawa waliosoma vyuo fulani au kutumikia jeshi wamepunguziwa. Matokeo yake ni kwamba vijana wao wengi sasa hufundisha kwanza. Ulaya haikufuata mkondo huo. Huko kijana mwenye saa 200 hivi anaweza kuchaguliwa, akapitishwa kwenye simuleta na kuingia moja kwa moja kwenye jeti, chini ya uangalizi wa shirika lililomchagua. ICAO yenyewe mwaka 2006 ilikuwa imekwisha kuruhusu leseni ya aina hiyo, yenye saa 240 kwa pamoja, angani na kwenye simuleta. Wabishani wa Marekani hukumbusha kwamba marubani wote wawili wa Buffalo walikuwa na zaidi ya saa 1,500. Ni kweli. Saa peke yake ni namba tu katika daftari. Kinachozipa saa thamani ni kile ulichofundishwa ndani yake, na aliyekufundisha.

Sasa tufike kwenye historia, maana ndiyo iliyonifanya niichague mada hii.

Mwaka 1917, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walikuwa wakipoteza vijana wengi katika mafunzo ya urubani, hata kabla adui hajawaona. Walimu wengi walikuwa marubani waliochoka vita, wakipewa kazi ya kufundisha kama mahali pa kupumzikia. Hawakufundishwa kufundisha, na wengine waliwaogopa wanafunzi kuliko walivyowaogopa Wajerumani. Ofisa mmoja, Robert Smith-Barry, akaomba apewe chuo pale Gosport, kusini mwa Uingereza. Hakuanza na ndege mpya. Alianza na walimu. Akawafundisha namna ya kufundisha, akaweka usukani wa pili katika ndege, akaweka mpira wa kusemea ili mwalimu amsemeshe mwanafunzi hewani, na badala ya kuikwepa hatari akaagiza mwanafunzi aingizwe ndani yake na kuonyeshwa njia ya kutoka. Mtindo wa Gosport ulienea dunia nzima, na mpaka leo kila chuo cha urubani kinakula katika sahani ile.

Afrika Mashariki ilionja matunda hayo mapema, lakini si kwa watu wote. Mwaka 1929 mama mmoja wa Kizungu, Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni ya Wilson Airways mjini Nairobi. Rubani wake mkuu, Tom Campbell Black, alikuwa pia mwalimu. Miongoni mwa aliowafundisha ni Beryl Markham, aliyekulia Kenya, ambaye Septemba 1936 aliivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza mpaka kisiwa cha Cape Breton, Kanada. Mwalimu naye hakubaki nyuma: mwaka 1934 yeye na mwenzake C. W. A. Scott walishinda mashindano makubwa ya kuruka kutoka Uingereza mpaka Melbourne, Australia. Mwalimu mmoja, na kindege kimoja cha mbao na kitambaa, waliweza kutoa jina la kudumu. Lakini Mwafrika wa siku hizo alikuwa mkata nyasi wa kiwanja na mbeba mizigo. Hakuna aliyemfungulia mlango wa darasa.

Hali hiyo haikuwa ya Afrika peke yake. Bessie Coleman, binti Mweusi wa Marekani, hakupata chuo hata kimoja kwao kilichokubali kumfundisha. Ikambidi ajifunze Kifaransa, avuke bahari, na mwaka 1921 akapata leseni yake Ufaransa. Aliporudi ndoto yake kubwa ilikuwa kufungua chuo ili wenzake wasihangaike kama yeye. Alifariki katika ajali mwaka 1926 kabla hajakifungua. Alfred Anderson naye alipita taabu hizohizo kutafuta wa kumfundisha, akafanikiwa, kisha akawa mwalimu mkuu wa marubani Weusi pale Tuskegee, Alabama. Mwaka 1941 alimrusha mke wa Rais, Eleanor Roosevelt, mbele ya wapiga picha. Vijana waliotoka Tuskegee waliingia katika Vita Kuu ya Pili, na historia ya jeshi la Marekani ikageuka. Mlango ulifunguka siku walipopata walimu wa kwao.

Turudi nyumbani. Mwaka 1946 mashirika mawili ya ndege yalianza kuruka katika pande hizi za dunia. Moja ni East African Airways, mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, lililoanza na ndege ndogo aina ya Dragon Rapide. La pili ni Ethiopian Airlines, lililoundwa mwishoni mwa 1945 kwa msaada wa kampuni ya Kimarekani ya TWA. Yote mawili yalianza na marubani wa kigeni. Angalia jinsi yalivyoachana njia.

Ethiopia iliweka nia ya kuwatoa wageni hao hatua kwa hatua. Mwaka 1957 Alemayehu Abebe akawa Mwethiopia wa kwanza kuwa rubani mkuu katika shirika lao. Jeti zao za kwanza, Boeing 720, zilikuja baada ya hapo, mwishoni mwa 1962. Katika miaka hiyohiyo ya 1960 wakajenga chuo chao cha urubani palepale Addis Ababa, na hawakukiacha kife, si wakati wa Mfalme, si wakati wa Derg, si wakati wa vita.

Sisi tulianza na ndege. Mwaka 1960 East African Airways ilipata jeti za Comet 4. Mwaka 1966 zikaanza kuja Super VC10, ambazo mwishowe zilifika tano, ndege za fahari zilizotua London na miji mingine mikubwa. Ilikuwa sifa kubwa kwa nchi changa. Lakini chuo chetu wenyewe cha kufundisha urubani, kile cha Soroti, mashariki mwa Uganda, kilianzishwa mwaka 1971, miaka kumi na moja baada ya jeti ya kwanza. Kilianzishwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na kilikuwa jambo jema sana. Vijana wa Kitanzania, Kikenya na Kiganda walikaa bweni moja, wakafundishwa kwenye ndege zilezile. Kwa mara ya kwanza mtoto wa mkulima aliweza kujifunza urubani bila kuvuka bahari.

Kilidumu kama mali ya pamoja kwa miaka sita tu. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika. Kenya ikaunda Kenya Airways. Mwezi Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Tarehe 11 Machi likaundwa Shirika la Ndege Tanzania, makao yake Dar es Salaam, likianza na ndege chache. Kabla miaka ya 1970 haijaisha tulikuwa na Boeing 737 zetu wenyewe, mpya, zenye twiga mkiani. Wazee wa Kipawa wanaikumbuka furaha hiyo.

Kugawana mali za Jumuiya kulichukua miaka saba. Mpatanishi alikuwa Victor Umbricht wa Uswisi, na makubaliano yalitiwa saini Arusha mwaka 1984. Kenya ilipata asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Mabehewa yalihesabiwa, meli zilihesabiwa, ndege zilihesabiwa, majengo yalihesabiwa. Lakini mwalimu unamgawaje kwa asilimia 32? Soroti ilibaki mahali ilipo, Uganda, na baadaye vita vya Teso vya mwishoni mwa miaka ya 1980 viliitikisa. Iliendelea kupokea Watanzania, lakini haikuwa tena yetu. Tuliondoka na ndege bila chuo. Aliyepata ndege akakosa mwalimu ni sawa na aliyerithi jahazi akaachwa bila wa kumfundisha kusoma upepo.

Tangu hapo tumekuwa wateja. Kila rubani wa Kitanzania aliyekwenda kusoma ng'ambo alikwenda na fedha za kigeni, na hazikurudi. Na wale walioanzisha chuo mapema ndio wanaozipokea. Leo shirika la Ethiopia hufundisha marubani wa nchi nyingine kwa kulipwa, na simuleta za ndege kubwa ziko palepale Addis Ababa. Waswahili husema cha kuazima hakisitiri. Mwaka 2016 tulipokea Q400 mbili, mwaka 2018 Boeing 787 na Airbus A220, mwaka 2023 Boeing 737 MAX. Ni jambo la kupongezwa. Lakini ndege hununuliwa kwa mkataba na husubiriwa miaka michache. Rubani mkuu wa jeti hukomaa kwa miaka mingi zaidi ya hiyo.

Hapo hapo kiwanjani tunacho chuo kinachofundisha waongoza ndege, ndugu zetu wanaozungumza na marubani kutoka mnarani. Hilo tuliliweza. Na katika miaka hii ya 2020 Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kile cha Mabibo kilichoanzishwa mwaka 1975, kimepata ndege za kufundishia aina ya Cessna 172 chini ya mradi unaofadhiliwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Nimesikia watu wakizicheka: ndege gani hizi, ndogo kama bajaji, nasi tuna Dreamliner? Ndugu zangu, msizicheke. Beryl Markham alianzia kwenye ndogo kuliko hizo. Ndizo mbacha wetu.

Hofu yangu ni nyingine. Ndege za kufundishia zaweza kuwapo na walimu wasiwepo. Tukimfanya mwalimu wa urubani kuwa mtu aliyekosa kazi nzuri, tukampa mshahara wa kumfanya aangalie saa kila siku, atakimbia mara tu jeti itakapopiga honi. Na tusimlaumu, ana watoto wa kulisha. Atakayebaki kumfundisha mdogo wake ni nani? Aliyeruka miezi mitatu kuliko yeye.

Kwa hiyo nina mambo matatu ya kusema kwa wenye mamlaka. Kwanza, itangazwe wazi kwamba kijana atakayefundisha katika chuo cha nyumbani kwa muda utakaokubaliwa, tuseme miaka miwili, atakuwa wa kwanza kupelekwa kozi ya jeti kwa gharama ya shirika litakalomwajiri. Hapo ualimu utakuwa ngazi, na jeti itakuwa orofa inayofikiwa kwa ngazi hiyo. Pili, marubani wetu wakuu wanaostaafu wasiachiwe wakae barazani na ujuzi wa miaka thelathini kichwani. Waitwe, walipwe, wafundishe. Tatu, mikopo ya elimu iangalie na kozi ya ualimu wa urubani, maana mkopo unaomtoa mwalimu mmoja unatoa marubani kumi.

Na kwa mzazi wa Kipawa, wa Temeke au wa Kinondoni, anayetaka kuuza kiwanja chake cha mwisho ili mtoto akasome jeti, nina maswali machache ya kujiuliza kabla hajasaini. Je, liko shirika lililoahidi kwa maandishi kumwajiri akihitimu? Ikiwa lipo, na ni shirika linaloaminika, hiyo ni njia halali na wengi duniani wameipita wakafika. Ikiwa halipo, ajue kwamba ujuzi wa ndege maalumu haukai kama cheti cha ukutani. Una muda wake, na rubani lazima apimwe upya. Asipopata ndege ya kurusha, muda utaisha, ujuzi utachacha, na kiwanja hakitarudi. Lakini leseni ya ualimu humpa kijana kazi ya kufanya kesho asubuhi, saa za kuandika katika daftari, na mkono usiosahau. Siku jeti itakapokuja, atakuwa tayari kujifunza yale ambayo ndege ndogo haikuweza kumfundisha.

Katika lugha yetu kipawa ni uwezo aliozaliwa nao mtu. Sina shaka kwamba vipawa vya urubani vipo Kipawa, na vipo Tanzania nzima. Kipawa bila mwalimu ni mbegu iliyobaki ghalani. Kiwanja chetu kikubwa tumekipa jina la mtu ambaye, kati ya vyeo vyote alivyowahi kushika, alichagua kuitwa Mwalimu. Itakuwa ajabu kama katika kiwanja hicho mwalimu ndiye atakayekuwa adimu.

Kwa leo naishia hapa, ndugu msikilizaji. Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo.